Wekesa wa Kuchelewa

Haya, nyinyi wote mko hapa mnapukuchua mahindi, nisikizeni! Mama Brayo, sogea huku, usishike hiyo gunzi kama umeshika nyoka. Mikono ifanye kazi, masikio mnipatie mimi. Mnanijua. Mimi ni Simiyu, ule wa mkokoteni pale soko ya Kitale, ule aliwaambia ati ameona kiboko ndani ya mto Nzoia amevaa kofia. Sawa, chekeni. Kiboko alikuwa na kofia. Lakini leo nataka kuwaambia ya ndugu yangu, na mkisikia mahali nimeongeza chumvi, mtu yeyote achukue gunzi anirushie nayo kichwa. Sitakasirika.

Kwetu ilikuwa juu kule mlimani, upande wa Bungoma, mahali ukisimama asubuhi unaona Uganda yote, hadi unaona mama wa huko akipepeta wimbi na unajua kama ako na mimba. Udongo ya kule, bana! Ukiangusha kifungo ya shati jioni, asubuhi unakuta shati imeota, na kola. Vitunguu yetu ilikuwa kubwa hadi wezi walikuwa wanakuja wawili wawili, mmoja wa kushika mbele na mwingine nyuma.

Hapo ndio mko na ruhusa ya kurusha gunzi. Asante, Kizito. Imenipata.

Kwa ile boma tulikuwa watu watano. Kulikuwa na mayi, ndio mama yetu, vile sisi tunaita mama, mjane wa Wanjala, baba yetu. Mimi mtoto wa kwanza, bibi yangu alikuwa amenitoroka kwa sababu ya maneno mingi. Halafu ndugu yangu Wekesa, na bibi yake Nafuna, na katoto kao kasichana, Nasimiyu, miaka mbili hivi, kalikuwa kanatembea kama mlevi.

Sasa Wekesa. Mungu alipogawa maneno kwa tumbo ya mayi, mimi nilitangulia nikachukua yote, Wekesa akakuja akakuta sakafu imefagiwa. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Na hakuwa anajua kudanganya. Ukimuuliza kama nguo yako ni mbaya anakuambia ni mbaya. Na kitu ingine: huyo mtu alikuwa anachelewa! Kanisani anafika wakati wa sala ya mwisho. Kwa matanga anafika marehemu ashazikwa, anauliza wapi jembe. Siku ya harusi yake mwenyewe tulingoja hadi mchele ikashikana kama simiti. Mchungaji amefungua kitabu, amefunga, amefungua. Saa kumi ndio tunaona mtu anakuja na barabara, amevaa suti ya kijivu, amebeba ndama kwa mabega. Ati alikuta imeanguka kwa matope, mwenyewe hayuko, sasa angeiacha? Suti yote ni matope. Nafuna alilia, halafu akacheka, halafu akaolewa naye hivyo hivyo na matope yake. Hiyo matope haijawahi toka kwa ile koti, hata Nafuna aioshe na sabuni gani.

Kwa hivyo kwetu ilikuwa mchezo. Mtu akipita kwa boma akiuliza, "Wekesa ako wapi?" sisi wote tunajibu pamoja, "Hajafika!" Mayi anasema, mimi nasema, Nafuna anasema kutoka jikoni. Nasimiyu alijifunza hiyo neno mbele ya kujifunza maji.

Siku yenye nakumbuka ya mwisho ya uzuri haikuwa na kitu. Tulikuwa tunang'oa vitunguu. Mayi ameketi chini, amenyoosha miguu, anakata majani. Mimi naongea. Wekesa anatengeneza mpini ya jembe na kipande ya chupa, anakwangua, anaangalia, anakwangua. Nasimiyu amekula kitunguu mbichi, analia na bado anakula. Nikamwambia Wekesa, "Mtoto wako ni kichwa ngumu." Akasema, "Ndio." Hiyo ndio yote. Siku nzima, hiyo ndio aliongea.

Hiyo ilikuwa mwaka wa elfu mbili na sita inaisha.

Mambo yenyewe ilikuwa ya mashamba. Mnajua. Huyu amepewa, huyu amenyang'anywa, huyu jina yake ilikuwa kwa karatasi na sasa haiko. Vijana wakaingia msituni na bunduki. Kwanza tuliwacheka, si ni vijana tulikuwa tunawajua, wengine mayi aliwapatia maziwa wakiwa wadogo. Halafu jirani yetu mmoja akarudi kutoka kisima bila sikio moja. Hakusema nani. Alifunga kichwa na leso ya bibi yake, akapanda kitanda. Watu wakaacha kucheka.

Watu wakaanza kushuka. Asubuhi unaona nyumba fulani haina moshi. Kesho ingine. Mayi alikuwa na dada yake hapa Kiminini, yule shangazi wenu wa kuuza chang'aa, Mungu amrehemu. Tukakata shauri: mayi na Nafuna na mtoto watangulie asubuhi na nguo na sufuria. Mimi na Wekesa tufuate mchana na ng'ombe na magunia mbili ya vitunguu.

Saa sita nikamwambia Wekesa twende. Akasema, "Ngoja kidogo." Alikuwa anatafuta ndama. Saa saba nikamwambia twende. "Ngoja kidogo." Saa nane nikamtukana. Nilimtukana tusi mbaya, ya mama, na mama ni yetu sisi wawili. Yeye akacheka kidogo, akaenda kufungua ng'ombe kwa kigingi.

Mahindi ilikuwa imeshakatwa, imesimamishwa kwa matita, kama vibanda, vile mnaona hapa nje. Mimi nilikuwa karibu na tita moja, nafunga gunia.

Walitoka upande wa msitu. Saba. Sisemi sabini. Saba.

Niliingia ndani ya tita.

Wekesa alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe. Hakukimbia. Kwa nini hakukimbia sijui, pengine alikuwa bado anafikiria. Walimfunga mikono na hiyo kamba.

Mmoja akamuuliza, "Ndugu yako ako wapi?"

Wakampitisha hapo kwa tita yangu. Kama kutoka hapa hadi kwa hiyo sufuria. Mguu yangu moja, na gambuti yake ya mpira, ilikuwa nje. Sikujua. Wekesa aliangalia chini akaiona.

Akaangalia mlima.

"Ametangulia," akasema. "Ameenda jana na mama."

Wakamvusha kijito. Wakaenda naye nyuma ya mikaratusi na bunduki zao.

Nikasikia mara moja.

Sikutoka.

Mbona mmeacha kupukuchua? Endeleeni. Mimi nikisikia mahindi ikianguka kwa beseni naongea vizuri.

Nilikaa ndani ya ile tita hadi kivuli ya mikaratusi ikafika kwa kijito. Wale wakawa wameenda na ng'ombe. Nikaenda. Alikuwa amelala na ubavu, ameangalia upande wa nyumbani. Nikashika mguu yake. Nikavua koti yangu nikamfunika. Nilitaka kumbeba. Wekesa alibeba ndama kwa harusi yake, na mimi nikashindwa kubeba Wekesa, kwa sababu mbwa ililia upande wa juu na miguu yangu ikaondoka, nayo ikanibeba mimi. Siku ya sita nilirudi peke yangu, nimepitia kichakani kama mwizi. Nilikuta majani imelala. Yeye hayuko, koti haiko. Walipeleka wapi, fisi ama watu, sijui hadi leo.

Sasa sikieni dhambi yangu.

Nilifika hapa Kiminini asubuhi ya pili. Mayi alikuwa amesimama kwa geti ya dada yake. Aliangalia nyuma yangu kwa barabara. Akauliza, "Wekesa ako wapi?"

Na ule mtoto, kutoka mgongo ya mama yake, akapiga kelele, "Hajafika!" Na watu wakacheka. Wote. Mayi pia alicheka. Walikuwa wamelala na wasiwasi, wakacheka sana.

Sasa mimi, hapo, mdomo imefunguka kusema ile kitu. Na hii mdomo yangu, nyinyi mnaijua. Ikasema, "Tulipotezana. Alikimbilia upande wa Lwakhakha, huko mpakani." Kwa sababu ningesema nini ingine? Niseme nilikuwa ndani ya mahindi? Mimi mkubwa, yeye mdogo?

Nikafikiri nitasema kesho. Kesho ikafika. Mayi akawa hali chakula. Wiki moja, wiki mbili, amekuwa kama hii gunzi. Akanituma nitafute. Nikatembea mochari ya Kitale, mochari ya Bungoma, natafuta mtu nilijua hayuko huko, naangalia watoto wa watu wengine kwa uso, mmoja baada ya mwingine. Nikarudi. Mayi ameketi kwa mlango. Nikaona huyu mama atakufa leo. Nikamwambia, "Mayi, nimekutana na mtu wa Lwakhakha. Amemwona Wekesa ng'ambo ya daraja, upande wa Uganda. Anabeba vitunguu ya mhindi fulani."

Alikula ugali vipande viwili. Nilihesabu.

Nyinyi mngefanya nini?

Sasa mtu wa kuongeza chumvi akionja mara moja anaweza acha? Kila nikitoka Kitale na mkokoteni, mayi ananingoja. Nikaongeza. Ati Wekesa amenunua baiskeli ya kengele mbili. Ati ameota tumbo kwa sababu ya matoke. Ati amejaribu kurudi, lakini kwa barabara amekuta ng'ombe ya mtu imeanguka shimoni. Mayi alipiga mapaja na mkono akicheka. "Huyo ni yeye! Huyo ni Wekesa kabisa!" Na Nasimiyu naye, alipokua kidogo, anapanda juu ya mkokoteni yangu nikirudi, anauliza habari ya baba. Nilimwambia baba amefundisha nyani wa Uganda kuhesabu hadi kumi. Nilimwambia baba amemwekea kuku mwenye rangi saba. Akauliza, "Na mbona hakuji?"

Nikamwambia, "Si unajua baba yako? Huwa anachelewa."

Nafuna peke yake hakuwa anacheka. Nikianza hadithi anaenda kuosha vikombe zenye zimeshaoshwa.

Hivyo ndio tuliishi miaka mbili na kitu. Vita ikaendelea huko juu, halafu watu wa sare wakapanda na magari, na vijana wengine wakapotea kwa mikono ya hao wa sare. Halafu ikaisha. Ikasemekana imeisha. Nasimiyu akaingia nasari hapo nyuma ya posho mill. Akawa mwalimu wa boma yote. Jioni anapanga mbuzi na kuku na watoto wa jirani, anaita majina. Ukiwa hapo unajibu, "Nimefika, mwalimu!" Mwenye hayuko, jirani yake anasimama, anainua mkono, anamsemea, "Hajafika, mwalimu!" Mbuzi isipojibu inachapwa.

Elfu mbili na tisa, tukasikia makanisa ya Bungoma imeungana, wanataka kufanya ibada ya kukumbuka wote walikufa kwa ile vita, wa kabila zote. Na wakasema kitu ingine: mwenye hajapata mwili wa mtu wake, akuje na mgomba.

Nyinyi vijana hamjui hii, acheni niwaambie. Kwetu mtu akipotea, akufe mahali haonekani, hamwezi kumwacha hivyo hivyo. Mnakata shina ya mgomba, urefu ya mtu, mnaivalisha nguo yake, mnailaza kwa kaburi, mnaizika na kulia kama ni yeye. Siku ya tatu watu wa boma wananyolewa nywele. Hapo amekufa. Bibi yake ni mjane, mtoto wake ni yatima, watu wanajua mahali wamesimama. Na ikitokea huyo mtu hakuwa amekufa, arudi na miguu yake, hawezi kuingia kwa mlango. Anangoja nje kama mgeni, kondoo inachinjwa, anapakwa yale ya tumbo ya kondoo, ndio aingie. Na wengine wanasema hata ukifanya hivyo, haishi miaka mingi. Umeshamzika.

Mayi akasema, "Nikizika mgomba, Wekesa akirudi ataingilia wapi?" Akaapa haendi.

Nafuna alichukua panga, akaenda nyuma ya choo, akakata mgomba yeye mwenyewe. Akaivalisha ile koti ya harusi, ya kijivu, na matope ya ndama bado iko kwa bega. Siku tulitoroka alibeba hiyo koti na sufuria moja, basi. Mayi kuona hiyo koti, akavaa viatu. Akasema anaenda tu kulinda koti ya mtoto wake isizikwe na wajinga.

Kwa hivyo tukaenda Bungoma, sisi wanne na mgomba. Nasimiyu alikuwa amevaa yunifomu ya nasari, ndio nguo mzuri alikuwa nayo. Akaniuliza, "Baba mkubwa, huyu ndizi anaenda wapi na koti?" Nikamwambia ndizi inaenda kuoa. Ndio, nilisema hivyo. Mdomo haina breki.

Uwanja ilikuwa imejaa. Hema, viti za plastiki, kwaya, watu wa milimani, watu wa chini. Sitaongeza: watu walikuwa wengi na hakuna mtu alikuwa anaongea. Mnaweza fikiria? Watu wa Bungoma, na hawaongei. Na kila mahali unaangalia ni migomba. Imevaa shati. Imevaa sweta ya shule. Moja imevaa kofia ya baba. Mama mmoja wa wale watu tulikuwa tunawaogopa, wa upande ule wa vijana wa msitu, alikuwa ameketi karibu na sisi na mgomba mbili, moja kwa kila goti. Akaona Nasimiyu anaangalia chupa yake ya maji. Akamwita. Nasimiyu akaenda akaketi naye chini, wakakunywa.

Mbele kulikuwa na meza, na msichana anaandika majina kwa kitabu. Majina ndio ingesomwa, na ukisomewa jina, boma yako inasimama, inapeleka mgomba kwa shimo. Shimo ilikuwa moja, ndefu, kama msingi ya nyumba.

Tukafika kwa meza. Msichana akauliza, "Mama, mnaandikisha nani?"

Mayi akasema, "Wangu si wa hapa. Ako Uganda. Mimi nimesindikiza tu."

Msichana akaangalia mgomba. Akaangalia Nafuna.

Nafuna akasema, pole pole, "Mayi, mimi nimechoka kuwa bibi ya hadithi."

"Hadithi gani? Simiyu amemsikia. Ako na baiskeli."

Nafuna akanigeukia. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekuwa amekasirika.

"Shemeji," akasema, "siku ulifika Kiminini ulikuwa huna koti. Ilikuwa baridi, na ulikuwa huna koti. Miaka mbili sijakuuliza. Sema."

Watu nyuma yetu wako kwa laini. Mimi nikatafuta mchezo. Nawaapia, nilitafuta. Nilisema ndani ya kichwa, Simiyu, toa moja tu, uwatoe hapa. Mdomo ikafunguka na haikuwa na kitu.

Halafu nikasema.

"Mayi, niliingia ndani ya tita ya mahindi. Walimfunga na kamba ya ng'ombe. Walikuwa saba."

"Mrongo," mayi akasema.

"Wakamuuliza mimi niko wapi. Aliona gambuti yangu. Akasema nimetangulia jana na wewe."

"Umedanganya tangu uzaliwe. Leo unataka kuniulia mtoto mbele ya watu?"

"Wakampeleka nyuma ya mikaratusi. Nikasikia mara moja. Nilienda nikamfunika na koti. Sikumbeba. Nikarudi siku ya sita, hayuko."

Hapo ndio ilikuwa imeisha, hakuna ingine.

Mayi aliniangalia. Mnajua vile mtu anangoja mvua, ameangalia juu, anasema itanyesha? Alikuwa ananingoja hivyo. Alikuwa ananingoja niongeze. Kengele mbili, matoke, nyani, kitu yoyote.

"Wekesa alidanganya?" akauliza. "Wekesa yule?"

"Mara moja."

"Na wewe hujaongeza chumvi?"

"Sijaongeza, mayi."

Hapo aliamini. Miaka yote nilimdanganya na maneno tamu, akaamini nusu. Siku hiyo maneno ilikuwa kidogo na haikuwa na utamu, akaamini yote. Akachukua mgomba kutoka kwa Nafuna, akaibeba kwa mkono kama mtoto amelala, akapanguza ile bega ya matope na kidole. Akamwambia msichana wa meza, "Andika. Wekesa, mtoto wa Wanjala."

Niwaambie kitu mbele nimalize. Mayi alinyolewa siku ya tatu, na Nafuna, na mimi. Mayi aliishi, alikula, alilima. Lakini kutoka siku hiyo hakuniita mrongo tena. Na hakucheka na hadithi yangu tena, hata moja. Nikirudi kutoka Kitale ananiuliza tu kama magurudumu iko na upepo. Mimi sijui kupima mambo, sikusoma. Ndugu yangu nilipoteza kwa dakika moja, nyuma ya mikaratusi. Mama yangu nilimpoteza kwa miaka mbili, pole pole, nikimchekesha. Na ile neno moja ya uongo ya Wekesa iliokoa mtu. Zangu zote, gunia na gunia, hazikuokoa mtu.

Basi. Tukaketi. Nasimiyu akarudi kutoka kwa yule mama, akapanda kwa magoti yangu. Hakuwa amesikia kitu. Hakuna mtu alikuwa amefikiria kumwambia. Watu wazima tuko hivyo, tukiumia tunasahau nani ni mfupi.

Mchungaji mmoja wa Myanga, mzee, miwani imefungwa na uzi, akasimama na kile kitabu. Akaanza kusoma. Anasoma jina, ananyamaza. Boma inasimama, inapeleka mgomba, inalaza. Anasoma ingine. Yule mama wa chupa ya maji alisimama mara mbili.

Nasimiyu alikuwa anaangalia. Akanivuta shati. "Baba mkubwa," akasema kwa sikio, "hawa wote ni wabaya. Mwalimu anaita na hakuna mtu anajibu."

Nikamwambia shii.

"Hata jirani hawawasemei," akasema. Alikuwa amekasirika kabisa.

Halafu mchungaji akasoma, "Wekesa Wanjala."

Mayi akajaribu kusimama. Akaketi tena. Nafuna akamshika mkono, wakabaki hapo wameshikana, na mgomba iko katikati. Mimi niko na mtoto kwa magoti. Uwanja yote unasikia kamba ya hema inagonga mti.

Mchungaji akatafuta na macho juu ya miwani. Akarudia, pole pole, "Wekesa Wanjala?"

Nasimiyu akateleza kutoka magoti yangu. Akanyoosha yunifomu. Akainua mkono juu, hadi akasimama na vidole ya miguu, na akapiga kelele uwanja yote ikasikia:

"Hajafika, mwalimu! Ako njiani anatoka Uganda, huyo huwa anachelewa!"